Soma Kabla Hujaandika: Kompyuta na Chipu Iliyo Tumboni mwa Treni Ndogo

Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi moja alasiri mbele ya jamaa na marafiki wazungumzao Kiswahili hapa Hamburg. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikiondoa kikohozi changu na zile dakika kumi tulizohangaika na projekta.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, vijana, na nyinyi watoto mliokaa mbele kabisa karibu na meza yangu: hamjambo? Tafadhali msiguse bado. Mtagusa mwishoni, nawaahidi.

Najua baadhi yenu mnajiuliza, huyu mzee mwenye mvi, mtu wa Voi, ametuletea sanduku la treni za watoto kwa nini? Mke wangu alijiuliza hivyo kabla yenu, na mpaka leo naona hajaridhika na jibu. Lakini nyinyi nyote mkipata mgeni kutoka nyumbani mnampeleka wapi? Mnampeleka Speicherstadt, mtaa wa maghala ya kale, kwenye maonyesho ya treni ndogo ya Miniatur Wunderland. Mnapanga foleni, mnalipa, mnatoka mnatikisa vichwa. Ndugu wawili pacha, Frederik na Gerrit Braun, walifungua maonyesho yale mwaka 2001, na treni zake hutembea kutwa nzima zikiongozwa na kompyuta. Mimi sina ghala kama lao. Nina chumba cha mwanangu aliyehama, na meza moja. Hata hivyo kazi nitakayowaonyesha leo haihitaji ghala. Inahitaji kompyuta moja, hata kuukuu, kebo moja, na reli fupi isiyozidi urefu wa mkono.

Nianze na zamani kidogo. Treni ndogo za umeme zilikuwa na akili ya balbu. Ukitia umeme kidogo kwenye reli, injini inakwenda polepole, ukiuzidisha, inakimbia, ukigeuza nyaya, inarudi nyuma. Basi. Ukiweka injini mbili kwenye reli moja, zote mbili zinaondoka pamoja na zinasimama pamoja, kama watoto wa shule kwenye paredi. Mtu aliyetaka kuziendesha mbalimbali alikata reli vipande vipande na kujaza swichi chini ya meza, nyaya zikawa kama nywele zisizochanwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mjerumani mmoja wa Giessen, Bernd Lenz, alibuni njia nyingine. Umeme ukae kwenye reli wakati wote, umejaa, na amri isafiri ndani ya umeme huo huo. Wapenda treni wa Marekani, kupitia chama chao cha NMRA kilichoanzishwa mwaka 1935, waliuchukua mfumo huo mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaufanya msingi wa kanuni iitwayo DCC. Ndiyo sababu leo chipu iliyotengenezwa Vienna inaelewa amri ya kisanduku kilichotengenezwa Marekani, na si jambo dogo hilo, maana kwenye biashara ya vitu vya kuchezea kila kiwanda hupenda kukufungia ndani ya duka lake.

Umeme unabebaje maneno? Kwenye reli umeme unageuka upande maelfu ya mara kwa sekunde. Ukikaa kila upande mikrosekunde 58, hiyo ni moja. Ukikawia mikrosekunde 100 au zaidi, hiyo ni sifuri. Moja na sifuri zikijipanga zinakuwa ujumbe: kwanza anwani, kisha amri, na mwisho baiti ya kuhakiki. Hesabu isipolingana, chipu inautupa ujumbe mzima wala haikisii. Laiti na sisi tungekuwa hivyo kwenye WhatsApp. Kila injini iliyo juu ya reli inasikia kila ujumbe, lakini inayotii ni ile iliyotajwa. Ni kama mwalimu anayeita majina asubuhi: darasa zima linasikia, anayeitika ni mwenye jina.

Chipu hiyo ndiyo dikoda. Hii hapa, ipitisheni polepole. Ni ndogo kuliko stempu. Na ndani yake mna visanduku vya kumbukumbu vilivyopewa namba, ambavyo wenyewe huviita CV. Hapana, kijana, si ile CV unayotembeza ukitafuta kazi. Kila kisanduku hubeba namba moja tu, kuanzia 0 hadi 255, na namba hizo ndizo tabia ya injini. CV 1 ni anwani, na injini karibu zote hutoka dukani zikiwa na 3. CV 2 ni nguvu ya kuondokea. CV 3 ni uvivu wa kushika kasi: ukiandika 10, injini inachukua kama sekunde 9 kutoka kusimama hadi kasi kamili. CV 4 ni uvivu wa kusimama, CV 5 ni mwisho wa mbio. CV 8 ni kama ukoo, inakwambia nani kaizaa: 151 ni ESU wa Neu-Ulm, 145 ni Zimo wa Vienna, 99 ni Lenz mwenyewe. Visanduku vingine vinashika taa, sauti, moshi. Kanuni inaruhusu hadi 1024.

Halafu kuna CV 29, na hapa ndipo watu wazima hulia.

CV 29 si namba moja, ni swichi kadhaa zilizofungwa pamoja ndani ya namba moja. Swichi ya 1 hugeuza mbele kuwa nyuma. Ya 2 inachagua kama kasi ina hatua 14 au zaidi. Ya 4 inairuhusu injini kutembea hata kwenye reli ya kizamani isiyobeba amri. Ya 16 inawasha mchoro wa kasi uliojitengenezea mwenyewe. Ya 32 inasema, tumia anwani ndefu. Ukitaka kadhaa, unazijumlisha. Injini nyingi huja na 6, yaani 2 na 4. Mtu asiyejua akiona 6 anafikiri ni 6.

Niwape mfano wa kweli. Wenye umri wangu mliosafiri kwa gari la moshi kati ya Mombasa na Nairobi mtakumbuka zile injini kubwa za mvuke za Garratt za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, daraja la 59. Zilikuwa 34, zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, na zilipewa majina ya milima yetu. Tulipokuwa watoto Voi, hazikuhitaji kupiga honi, kitanda kilikujulisha. Moja kati yao, namba 5918, Mount Gelai, mlima ule ulioko karibu na Ziwa Natron, bado imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nendeni mkaiguse, ile inaruhusiwa kuguswa kuliko hizi zangu.

Sasa mimi nilitaka injini yangu iitike kwa 5918. CV 1 haiwezi, maana anwani fupi inaishia 127. Inabidi anwani ndefu, na hiyo inagawanywa katika visanduku viwili, CV 17 na CV 18. Unachukua 5918 unagawanya kwa 256. Inaingia mara 23, inabaki 30. Ile 23 unaiongezea 192, unapata 215. Kwa hiyo CV 17 ni 215, CV 18 ni 30, kisha unarudi kwenye CV 29 kuongeza 32, iwe 38. Nilifanya hesabu hii usiku, kwa kalamu, nyuma ya bahasha ya bili, na nikaikosea mara mbili. Kwenye kompyuta unaandika 5918, unabonyeza, basi. Hesabu yote hiyo inafanyika mahali usipopaona.

Lakini msidhani nimekuja kuwaambia kompyuta ni nzuri kwa sababu inajua kugawanya. Hata kikokotoo kinajua. Ngoja niwasimulie aibu yangu.

Kisanduku changu cha kwanza cha kuendeshea nilikinunua mitumba, kwenye soko la Jumapili. Kilikuwa na vitufe vichache na kioo kidogo cha tarakimu. Hakikuwa na tundu la reli ya pembeni ya kuprogramia, ile ya kuiwekea injini moja peke yake. Amri zote kilizimwaga kwenye reli kuu, na kwa namna ile, amri ya kuprogramu haina anwani. Haisemi "wewe fulani". Inasema "wewe uliye kwenye reli". Mimi nilikuwa na injini sita mezani. Nikataka kumpa mmoja anwani 44. Nikabonyeza. Wote sita wakawa 44. Nilipofungua kasi waliondoka pamoja kama wanaokwenda arusini, na wawili wakakutana uso kwa uso juu ya daraja la kadibodi.

Hilo lingeweza kutengenezeka. Nilichofanya baadaye ndicho kilichoniuma. Kwa hasira nikakumbuka nimesoma mahali kwamba dikoda nyingi ukiandika 8 kwenye CV 8 zinarudi kuwa kama zilivyotoka kiwandani. Nikaandika. Sita zote, tena! Zikarudi kweli, na miezi minane ya kurekebisha kasi, taa na mingurumo ikayeyuka kwa nukta moja. Nilikuwa nimeziandika wapi namba zile? Nyingine kwenye karatasi iliyofungia mkate. Nyingine kichwani. Nyingi hazikuandikwa popote.

Siku ile ndipo nilipoanza kutumia kompyuta, na nikaelewa kazi yake ya kwanza. Watu hufikiri inakaa hapo kuwa dereva. Kabla ya udereva, ni karani. Inasoma kila kisanduku, inaandika kwenye faili, inaweka tarehe. Ukiharibu kesho, unarudisha ya jana. Kanuni yangu tangu siku hiyo ni maneno matatu: soma kabla hujaandika. Injini mpya ikiingia nyumbani, hata iwe imetoka dukani ikiwa na plastiki yake, haijaguswa kitu mpaka isomwe yote na kuhifadhiwa.

Programu ninayoitumia inaitwa DecoderPro, ni sehemu ya mkusanyiko uitwao JMRI. Ni ya bure. Inakubali Windows, Mac, Linux, hata ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kati ya kompyuta na reli unaweka kisanduku cha kiunganishi chenye kebo ya USB. Unaiweka injini kwenye reli ya pembeni, peke yake, unabonyeza kitufe cha kuitambua. Programu inasoma CV 8 na CV 7, inajua hii ni ya nani na toleo gani, inafungua kurasa zake. Hapo sasa hakuna tena "CV 29 sawa na 38". Kuna maneno: mwelekeo, hatua za kasi, anwani ndefu. Unachagua kama mtu anayejaza fomu. Mchoro wa kasi, ambao kwa vitufe ni visanduku 28 kuanzia CV 67 hadi 94, unaonekana kama vijiti vya kuteleza vya redio za zamani, unavuta kwa kidole.

Swali zuri hilo, mama. Ameuliza: chipu isiyo na redio inajibuje? Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Dikoda haina mdomo. Inasikia tu. Kwa hiyo kompyuta haiiulizi "CV 2 ina ngapi?" Inaiuliza maswali ya ndiyo na hapana, biti moja moja, yaani kila moja au sifuri iliyomo ndani ya ile namba. Je, biti hii ni moja? Kama ndiyo, dikoda inaishtua mota yake kidogo sana, ikivuta umeme wa ziada, angalau miliampia 60 kwa muda wa milisekunde 6. Kiunganishi kinauona umeme ule umepanda, kinajua imesema ndiyo. Kama hapana, inanyamaza. Biti nane, maswali nane, na la tisa la kuhakikisha. Ukiitazama injini wakati inasomwa, utaiona inatetemeka papo kwa papo, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Dikoda ya sauti ina visanduku mamia. Kuisoma yote unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukaosha na kikombe.

Na ukishajua kwamba jibu linapitia kwenye mota, unajua pia kwa nini mara nyingi jibu halifiki. Mota haijaunganishwa? Hakuna jibu. Magurudumu machafu? Jibu linakatika njiani, na kompyuta inakuletea namba ya uongo au inakata tamaa. Kapasita kubwa za dikoda ya sauti, yaani vile vihifadhi vyake vya umeme, nazo zinaweza kulamba umeme mpaka ule mshtuko mdogo usionekane. Wageni wa kazi hii wakikosa jibu huilaumu programu, wanaifuta, wanaiweka upya. Mimi nawaambia leteni kitambaa na spiriti, mfute magurudumu. Msitumie msasa, jamani. Msasa unachora mistari, na mistari inakusanya uchafu zaidi.

Hiyo reli ya pembeni si mapambo. Umeme wake umebanwa makusudi uwe mdogo. Kama uliifunga dikoda mwenyewe na ukakosea nyaya, hapo una nafasi ya kugundua kabla ya harufu. Nyekundu na nyeusi zinakwenda kwenye reli, chungwa na kijivu kwenye mota. Chungwa au kijivu ikigusa reli yenye umeme kamili, dikoda imekwenda. Harufu ile haifanani na kitu kingine chochote, na bei yake unaikumbuka kila ukiinusa.

Baada ya kusoma na kuhifadhi, kuna namna nyingine: kuprogramu injini ikiwa inatembea kwenye reli kuu, kwa kuitaja anwani. Kwa kawaida huwezi kusoma kwa njia hiyo, lakini unaandika na kuona papo hapo. Injini yangu hii, dizeli nyekundu ya Kijerumani ya aina ya 218, ilikuwa ikiondoka kwa kuruka, kama matatu yenye dereva mpya. Niliiweka kwenye hatua ya kwanza ya kasi, nikapandisha CV 2 moja moja mpaka ikaanza kutambaa. Kitabu kinaweza kukupa namba ya kuanzia, ila namba yenyewe inatoka kwenye jicho. Kompyuta haina jicho hilo, na sijui kama ningependa iwe nalo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika tano, nakuomba, kwa ajili ya hadithi moja ambayo wanasheria waliomo humu wataipenda.

Programu hii ya JMRI ilianzishwa na Bob Jacobsen, mwanafizikia wa Berkeley, California, na wenzake wakajitolea. Sehemu yake yenye thamani ni yale mafaili yanayosema kwamba kwa dikoda hii, CV fulani ni taa, na kwa ile, CV hiyo hiyo ni sauti. Watu waliketi usiku wakasoma vijitabu vya viwanda, wakaandika, wakagawa bure, kwa sharti kwamba atakayeyatumia aonyeshe yametoka kwa nani na amebadilisha nini. Bwana mmoja wa biashara ya programu za treni, Matthew Katzer, aliyekuwa na hataza, alimtumia Jacobsen madai ya zaidi ya dola 200,000. Jacobsen akaenda mahakamani mwaka 2006, na humo ikadaiwa kwamba mafaili yale ya dikoda yalikuwa yamechukuliwa na kuingizwa kwenye programu ya kuuzwa bila majina ya wenyewe. Mahakama ya kwanza haikuona kama hilo ni jambo la hakimiliki. Tarehe 13 Agosti 2008 mahakama ya rufaa ikasema ni jambo lake: kitu kikitolewa bure kwa masharti, masharti yale yana nguvu ya sheria. Mwaka 2010 wakapatana, na Katzer akakubali kulipa dola 100,000.

Fikirini. Kesi inayotajwa kila panapojadiliwa programu huria, simu zenu na benki zenu zikiwemo ndani yake, chimbuko lake ni orodha za namba za treni za kuchezea. Nami usiku ninapobonyeza kile kitufe cha kuitambua dikoda, faili linalofunguka ni la aina ile ile waliyoigombania.

Kijana wa nyuma kule ameuliza kama mtu wa Mombasa asiye na pesa za visanduku vya Ulaya anaweza kuanza. Anaweza. Kuna ubao wa Arduino, kompyuta ndogo ya kujiundia vitu, na ubao mdogo wa kuendeshea mota unaokaa juu yake. Gregg Berman aliandika programu ya DCC++ inayoigeuza Arduino kuwa kituo cha amri, na wengine wameiendeleza kwa jina la DCC-EX. DecoderPro inazungumza nayo bila ugomvi. Treni yenyewe ndiyo ghali, sitakudanganya. Lakini kuelewa namna moja na sifuri zinavyopanda juu ya umeme na kushuka tumboni mwa mashine, hilo utalipata kwa ubao na kipande cha reli.

Haya, watoto. Nilitoa ahadi. Wewe binti mwenye kilemba cha manjano, njoo. Kaa hapa. Hii ni ile 218 nyekundu, na nyinyi wakubwa msicheke nikisema kwamba kwa jina inaitika Mount Gelai. Chapa 17 pale. Sasa bonyeza kitufe hicho cha kusomea, kisha usitazame skrini, tazama magurudumu. Umeona? Imetikisika tena. Subiri kidogo. Sasa soma kwa sauti, wasikie. Mia mbili na ngapi? Na kumi na tano. Vizuri. Sasa chapa 18.